Mabega ya Yusuf

Mama,

Nakuandikia habari za mpira. Najua ungenikata hapo hapo: "Asya, huna la maana la kunambia?" Vumilia kidogo. Habari za mpira za mwaka huu zimeingia mpaka jikoni kwako, na wewe umetajwa humo kuliko refa.

Kwanza hali ya nyumba. Hatujambo. Kaka Hamed amezidi kunenepa, na mkewe amezidi kumwambia. Mndimu wa uani umezaa ndimu zake ndogo ndogo kama kawaida. Birika lako la kahawa nililihamishia kabatini, nikaliona linanitazama, nikalirudisha pale pale. Skuli wamenipa darasa la pili la sayansi, watoto hawanyamazi, lakini mshahara unaingia. Mtaa wetu wa Ghubra ni ule ule, barabara zinachimbwa na kufukiwa.

Mirathi yako imegawiwa. Sheikh alikuja, tukakaa sebuleni, kila mwenye haki akapewa haki yake. Yusuf alituletea kahawa, akapanga vikombe, kisha akatoka kwenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu. Ndugu wa kunyonya ziwa moja harithi, sote tunalijua hilo tangu utotoni, na hakuna aliyekosea wala kumdhulumu mtu. Lakini tangu siku ile Yusuf akaanza kupiga hodi. Anarudi kazini, mlango wa jikoni uko wazi, mimi namwona, yeye ananiona, na bado anasimama kizingitini na kusema hodi. Nyumbani kwake, Mama. Siku ya kwanza nilidhani anafanya mzaha.

Ulikuwa ukipenda kuisikia hadithi yake, kwa hiyo nakusimulia tena, ingawa wewe ndiye uliyenisimulia mimi. Tulipokuwa tukikaa Matrah, ghorofa ya juu yetu alikaa rafiki yako, mama yake Yusuf. Akafa siku chache baada ya kujifungua. Baba wa mtoto akaondoka kutafuta maisha, hakurudi kumchukua. Mimi nilikuwa bado kifuani. Ukampandisha na yeye: mimi kulia, yeye kushoto, na ulikuwa ukisema yeye ndiye aliyekuwa na adabu, mimi nang'ata. Ukamnyonyesha mpaka akawa mwanao na ndugu yangu kwa sheria, nisije kujifunika mtandio mbele yake ndani ya nyumba yetu wenyewe. Tulipohamia Ghubra watu wakatuona wawili sawasawa, wakasema pacha. Hukuwasahihisha. Ulisema, "Waache, hawajaharibu kitu."

Pacha gani lakini! Mimi nimetoka mpana kama kabati, kama nyinyi nyote, yeye ametoka mwembamba kama ufito wa kuangulia ndimu.

Na siku zile za mwisho, ulipokuwa ukizungumza kidogo kidogo, uliniachia neno moja tu juu yake: "Yusuf asijione mgeni." Hukuniambia nifanyeje. Ukalala, na mimi nikabaki nalo.

Sikuliweza, Mama. Nilijaribu kumkasirikia, hakukasirika. Nilijaribu kumpikia, akala, akaosha sahani yake na ya kwangu, akanishukuru kama mtu aliyekaribishwa. Hamed alimwambia, "Wewe ni ndugu yetu, hayo ya karatasi yasikushughulishe," akajibu, "Najua, kaka," kwa sauti ya mtu asiyejua. Kisha akatuambia amepata chumba Rusayl, karibu na ghala analofanyia kazi, kwamba njia inamchosha. Njia imeanza kumchosha baada ya miaka mingapi? Begi lake la buluu likasimama nyuma ya mlango wa chumba chake, limefungwa. Kila nilipopita kufagia nilikuwa nalisogeza na kulirudisha.

Sasa mpira.

Winga wa kushoto wa timu yetu ya mtaa amekwenda kusoma Sohar, nafasi ikawa wazi. Unakumbuka Yusuf aliacha kucheza ulipoanza kuugua. Hakusema ameacha, alisema magoti yanamuuma, na wewe ukampaka mafuta magoti ambayo hayakuwa na lolote. Basi alipoambiwa nafasi ipo, akaenda kujaribiwa. Nilidhani anataka kuaga uwanja kabla ya kuondoka. Nikawa nampeleka kwa gari baada ya Alasiri, nakaa ndani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, kioo nimekishusha kidogo. Unaujua uwanja ule wa nyasi bandia nyuma ya msikiti. Magari ya wanawake yanapangwa kwenye uzio, na upande ule ule wanaume wazima wametandika mkeka wao, na chupa ya kahawa, na tende, na midomo. Mkeka ule ndio unaonunua jezi na kulipia taa, kwa hiyo midomo yao ina uzito.

Kila siku kesi ilikuwa moja: mwili wa Yusuf. Mama, sijapata kusikia watu wazima wakijadili mapaja ya mtu kwa bidii namna ile. Mbio zake hakuna aliyezibishia, anakimbia kama aliyeibiwa. Wala mguu wake wa kushoto. Tatizo lilikuwa mabega, kifua na hivi vifundo vya miguu. Suleiman wa duka la vipuri ndiye aliyekuwa mkali. Alisema, "Huyu akipigwa bega moja tutamwokota barabarani." Alitaka apelekwe jimu miezi sita, ale mayai, ndipo aje kuonyeshwa kwa watu. Akataja mawinga wa televisheni mmoja mmoja na vifua vyao. Mwengine akamjibu kuwa wembamba ndio unaopenya. Suleiman akasema hata uzi unapenya, lakini hakuna aliyeupanga winga.

Aliyekuwa upande wa Yusuf kikweli ni Ami Khalfan. Utamkumbuka, yule mzee wa Matrah aliyekuwa akikaa njia moja na sisi, sasa anakaa kwa mwanawe hapa Ghubra, kofia yake haijapata kukaa sawa. Ami Khalfan hamtazami mchezaji hata kidogo. Anatazama ukoo. "Nyinyi mnatazama mwili wa leo," aliwaambia. "Mimi nnatazama nyumba aliyotoka. Hamed alipokuwa na umri huu alikuwa hivi hivi, kijiti. Leo haingii mlangoni ila kwa ubavu. Watu wa nyumba ile huchelewa kujaa, lakini wakijaa, yakhe, wamejaa." Akawapitisha kwa wajomba zetu wote, wa Unguja na wa hapa, waliokufa na walio hai, na shingo zao. Akafika kwa Baba, akasema kanzu ya Baba ilikuwa ikishonwa kwa kitambaa cha watu wawili. Kisha akaelekeza fimbo kwenye gari langu: "Na yule mwalimu pale, masha'Allah." Nikapandisha kioo.

Basi mkeka ukaanza kulainika. Kocha Talib, ambaye hapendi kusema, alikuwa amesimama na filimbi mdomoni anasikiliza. Nilishusha kioo tena nikamsikia akisema kwamba ikiwa mwili uko njiani, yeye yuko tayari kumvumilia msimu huu na kumlea taratibu. Mambo yakawa yamekwisha. Yusuf amechaguliwa kwa mabega ya Baba, ambaye hakumzaa, na kwa shingo za wajomba ambao si wajomba wake. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya gari. Niliona tumewala.

Yusuf alikuwa amekuja kunywa maji. Alikuwa amesimama nyuma yao, chupa mkononi, ameyasikia yote. Angenyamaza tu, Mama. Angekunywa maji yake akaondoka na jezi. Lakini ulimlea vibaya, ulimlea asiseme uongo hata wa kunyamaza. Akasema, "Ami, msinihesabie mifupa isiyokuwa yangu. Mimi si wa damu ya nyumba ile. Bi Zuwena alininyonyesha tu."

Bi Zuwena. Sijapata kumsikia akikuita hivyo maisha yangu yote. Kalamu nyekundu ilinianguka ikaingia chini ya kiti, na mpaka leo sijaitafuta. Nilielewa hapo kwamba kumbe begi lile halikufungwa juzi. Lilifungwa siku ile ya sheikh, alipokuwa nje anaosha gari.

Kisha Suleiman, kwa sauti ya chini, maana si mtu mbaya, akasema, "Basi hesabu imeharibika." Na kocha akatikisa kichwa, akaanza kuondoka.

Ami Khalfan akagonga fimbo. "Hesabu imeharibika wapi? Nani aliyekwambieni mimi sijui? Nilikuwako Matrah. Nnayajua haya kabla huyu hajaota meno." Na akaanza kuwasomesha, Mama, pale pale kwenye tende na kahawa. Kwamba kunyonya kunakohesabika katika sheria ni kule kunakootesha nyama na kujenga mfupa. Kwamba ndiyo maana mtoto akishanyonya vya kutosha anakuwa mtoto wa nyumba, hawezi kuoa humo, kwa sababu mwili wake umejengwa na mwili ule. "Sasa ikiwa sheria imekubali mfupa huu umejengwa na maziwa ya mama yule," akasema, "nyinyi wa duka la vipuri mnabisha nini? Mfupa ni ule ule. Atajaa!"

Suleiman akasema, "Ami, hiyo ni sheria ya ndoa, si ya mpira."

"Mfupa ni mfupa!"

Watu wakacheka, wengine wakaanza kubishana kikweli, kama maziwa yanarithisha mabega au hayarithishi. Mmoja akasema mwanawe alinyonya maziwa ya kopo na ni mpana kuliko wote. Mwengine akauliza je, mwenye kunyonya mara moja tu anapata kifundo peke yake? Wallahi waliuliza hivyo. Mimi nafundisha sayansi. Najua maziwa hayarithishi upana wa mabega, na kama mwanafunzi wangu angeniandikia vile ningemkata alama. Lakini nilikaa pale nimeshika usukani, namwomba Mungu mzee yule ashinde. Nilitaka ashinde kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote tangu tulipokuzika.

Hakushinda. Kocha alisema kwa upole kwamba yeye hachezeshi sheria, anachezesha mtu, na mtu huyu aliye mbele yake ni mwembamba na umri umeanza kwenda. Yusuf akasema, "Haidhuru, kocha," akaweka chupa chini, akaanza kufungua kamba za viatu. Alikuwa anazifungua polepole sana.

Hapo ndipo nilipotoka garini.

Unajua mimi si mtu wa kusema mbele ya wanaume. Nilisimama kwenye uzio, baibui limenasa mlangoni. Nikasema, "Kocha, mabega hayo unayoyaona membamba yalimbeba mama yetu. Ugonjwa wake wote. Kutoka kitandani mpaka garini, na kutoka garini mpaka kitandani. Hamed alijaribu siku ya kwanza akashikwa na mgongo."

Ami Khalfan akanigeukia, kofia imemwangukia jicho. "Bi Zuwena? Kwa mwili ule?"

"Ndiyo, Ami. Kwa mwili ule."

"Lo! Subhana Allah."

Nisamehe. Uzito wako umezungumzwa hadharani na wanaume waliokaa juu ya mkeka, na wengine walitingisha vichwa kwa heshima. Ungeninyima chakula wiki nzima. Lakini nisingeweza kusema uongo, na wala hukuwa mwepesi, Mama. Nakumbuka ulivyokuwa ukimwambia, "Niache, utavunjika wewe," naye anatanua miguu, anashusha kiuno, anavuta pumzi na kukwambia, "Nishike shingo." Na wewe unamshika shingo, unalalamika mpaka mlangoni kwamba anakutikisa kama gunia. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka baada ya kukuweka chini. Alikuwa anaificha mifukoni ili usiione.

Sijui kocha aliwaza nini. Alimtazama Yusuf juu mpaka chini, akampigia filimbi kama anayemwita mbuzi, akamwambia avae jezi Ijumaa, atamwingiza mwishoni mwishoni. Yusuf hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi. Kwenye gari, tulipokaribia nyumbani, aliniuliza, "Ulisema mama yetu?" Nikamwambia, "Nilisema nini basi, mama yake Suleiman?" Akatazama dirishani.

Ijumaa nikampeleka. Wacha nikwambie ukweli ulivyo, maana Hamed anaisimulia mechi hii kwa chumvi. Aliingia kipindi cha pili. Beki wa wenzetu alikuwa bwana mmoja mpana, shingo na kichwa havijulikani vinapoachana. Mpira wa kwanza, bwana yule akampiga bega, Yusuf akaenda nje ya mstari na mpira na kibendera cha kona. Suleiman akasema, "Haya, tumwokoteni," na hakuna aliyecheka. Mpira wa pili, vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja.

Mpira wa tatu alifanya kitu ninachokijua. Alimsikia bwana yule anakuja, na badala ya kukimbia akasimama. Akatanua miguu. Akashusha kiuno. Akavuta pumzi, niliona kifua chake kinapanda. Bwana yule akaja na mwili wake wote, akagonga, akakaa chini kwenye nyasi akitazama huku na huku. Yusuf akaondoka na mpira, akapiga krosi nzuri ajabu ambayo haikumkuta mtu yeyote. Ilipita mbele ya goli lote ikatoka upande wa pili. Tulitoka sare, bila kwa bila. Hakuna bao, Mama, usitarajie bao.

Lakini bwana yule alipokaa chini, Ami Khalfan aliruka kutoka kwenye mkeka, mzee wa magonjwa yake yale, akapiga kelele, "Mwana wa Zuwena!" Na mkeka wote ukampokea. Wanaume wazima, wenye kanzu na kofia zao za Ijumaa: "Mwana wa Zuwena! Mwana wa Zuwena!" Kila alipogusa mpira mpaka mwisho. Baba hakupata kulitaja jina lako mbele ya wanaume, alikuwa akisema "mama Hamed" na kukohoa. Sasa linavuka uzio na kufika barabarani. Nililia, siwezi kukuficha. Nililia kwa sauti na kioo kiko wazi.

Mabishano hayajaisha. Suleiman anasema tulichokiona ni mpira mmoja tu, na jimu iko pale pale. Ami Khalfan anasema tayari anaona kifua kinaanza kutokea, jambo ambalo si kweli, nimempima kwa macho kila siku. Kocha hasemi. Huenda Yusuf akakaa benchi msimu mzima. Huenda asiwe kitu. Mtoto wako ni mwembamba, na mimi kama mwalimu wa sayansi siwezi kukuahidi mabega.

Jioni ile niko jikoni nakaanga samaki, nikasikia miguu uani. Nikangoja hodi. Haikuja. Mlango ukasukumwa, akaingia moja kwa moja mpaka kwenye friji, akafungua, akasimama mbele yake kama ulivyokuwa ukimkataza, baridi yote inatoka. Nikatazama chini. Viatu vya mpira miguuni, chembe nyeusi za mpira wa nyasi bandia zimetapakaa kutoka mlangoni mpaka kwenye zulia lako dogo. Nikapiga kelele kabla sijawaza, na iliyotoka ilikuwa sauti yako, maneno yako, mpaka ule mkono wa kiunoni: "Yusuf! Viatu hivyo nje! Mimi mjakazi wako?"

Akageuka na chupa ya maji mkononi. Akanitazama. Kisha akasema, kama alivyokuwa akikujibu wewe kila siku, "Haya, Mama," akacheka, na kucheka kukamshinda, akakaa chini sakafuni katikati ya uchafu wake akalia. Hakulia siku ya maziko. Alikuwa anawapokea watu. Nikazima jiko nikakaa na mimi chini. Samaki waliungua upande mmoja, tukawala hivyo hivyo.

Begi liko juu ya kabati, tupu. Chumba cha Rusayl amekiacha, amesema njia si ndefu sana. Sikumuuliza imefupika lini.

Basi, Mama, nakuacha upumzike. Mungu akunyweshe huko kama ulivyowanywesha wawili hapa. Ulinipa kazi moja, nami niliikosea mara nyingi kwa kumsemesha kwa upole. Sasa nimejua, na nakuahidi hivi: muda wote nitakaokuwa hai, viatu vya Yusuf havitakosa mtu wa kuvifokea.

Mwanao wa kulia,
Asya